Dakika Tano Tano

Mwili ulisalimu amri mapema.
Wiki ya tatu kikohozi kilifunga virago,
ngazi za ghorofa ya nne zikapungua urefu,
na supu ya kabichi chachu ikanifichulia
chumvi niliyokuwa nikiizidisha miaka thelathini.

Akili ndiyo iliyobaki nje, kwenye baridi ya Łódź,
ikigonga kioo:
Halina, sasa je?

Kumbe haikuwa moshi tu.
Ilikuwa nukta.
Pazia moja limekwisha kushonwa, nukta.
Simu ya dada yangu Grażyna, na lawama zake, nukta.
Nimelipa bili ya gesi, nimelia kidogo, nimenawa uso,
nukta.
Sasa siku nzima ni sentensi moja ndefu
isiyojua pa kuvutia pumzi.

Ndiyo, kuvuta. Neno lenyewe halinionei huruma.
Wananiambia subira yavuta heri.
Hata subira, basi! Hata subira inavuta,
mimi ndiye niliyekatazwa.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa:
ishirini kwa siku, dakika tano tano,
saa moja na dakika arobaini.
Nimerudishiwa, kama chenji
ya sarafu za nchi isiyokuwepo tena.
Nitazitumia wapi?

Kiwandani, saa nne ikigonga,
Mirka na Jolanta hutoka kwenda nyuma ya ghala.
“Njoo hata usimame,” wanasema.
Nilikwenda mara moja.
Bila sigara mkononi nilionekana kama mtu
anayengoja tramu mahali pasipo na reli.
Nikarudi kwa cherehani yangu.
Mkono wa kulia unajua kazi,
ila vidole viwili bado vinaachana kidogo,
vikimwachia nafasi mgeni.

Usiku ni habari nyingine.
Roshani yangu na ya Zenon zimetenganishwa na bati.
Miaka kumi na mmoja tumesimama huku na huku,
kila saa tano usiku, tukivuta.
Sijawahi kukanyaga nyumbani kwake.
Lakini nalijua goti lake, lipi linatabiri theluji;
namjua binti aliye Dublin asiyepiga simu;
najua bei aliyouzia gari la marehemu mkewe
na kwamba alimpunguzia mnunuzi
kwa sababu alikuwa na mikono kama ya mke wake.

Tangu niache, nasikia kiberiti chake ukutani,
naongeza sauti ya televisheni.
Nilikaa eda, naweza kusema.
Sikujua nimefiwa na nani.

Siku ya arobaini na moja theluji ilianguka bila upepo.
Nikavaa koti juu ya gauni la kulalia,
nikamimina chai ya limau kwenye bilauri,
nikafungua mlango.

Zenon alitazama mikono yangu kwanza, uso baadaye.
“Umerudi?”
“Hapana. Nimetoka tu.”
Akaificha sigara nyuma ya mgongo,
mzee wa miaka sabini na moja,
kama mtoto aliyefumaniwa na mwalimu.
“Vuta bwana,” nikasema, “si yangu hiyo.”

Moshi ulipokuja niligeuza shingo.
Ulipokuja tena sikugeuza;
ulinuka kama koti la mtu niliyemjua.
Nilitaka, sisemi uongo. Nilitaka mpaka kwenye magego.
Nikashika bilauri kwa mikono miwili.
Akanieleza habari za goti.

Alipomaliza, akazima.
Mimi sikuwa na cha kuzima,
sikujua mazungumzo yanaishaje.
Tukasimama. Zikapita dakika tano,
zikapita nyingine, ambazo hazikuwa za mtu.

Chai ilikuwa imepoa.
Nikamwaga masalia kwenye chungu cha maua
kilichojaa vichungi vya mwaka jana.
Sijakisafisha bado.
Kesho, au Jumamosi.
Pengine nitapanda kitunguu.